Somo la Dini kidato cha nne: tulichukue, ila tuhesabu

Wiki hii hapa Kisesa, katikati ya magauni ya harusi, binti mmoja alikuja kupimwa dera akatuuliza: Elimu ya Dini ya Kiislamu si somo la lazima, je, alifanye kwenye mtihani wa kidato cha nne?

Sisi tulilifanya. Tulifaulu masomo manne, Dini ndiyo iliyoongoza, mama akatupikia pilau. Kuomba chuo cha uuguzi tukaambiwa wanataka manne yasiyo ya dini. Tulikuwa na matatu! Tukaenda kwenye cherehani (alhamdulillah, inatulisha).

Hata hivyo tulimwambia alifanye. NECTA hupanga daraja kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, na elimu hii ni yake. Ila asilitegemee limkamilishie manne ya chuo. Akitaka uuguzi, Kemia, Baiolojia na Fizikia lazima ziwemo, na la nne liwe Kiswahili, Jiografia au lolote lisilo la dini.

Nawe bi harusi mtarajiwa unayepanga kusoma baada ya ndoa, toa cheti kabatini ukihesabu kabla hujaja kupimwa gauni.