Mabaki Si Washindi

Kwa heshima zote kwa wazee wetu, kuna maneno tunayoyasikia watu wa Afrika Mashariki wanapokutana hapa Guangzhou ambayo hatukubaliani nayo: kwamba tuliosalia baada ya mwaka 2020 ndio mabaki waliotabiriwa na manabii, na walioondoka walihukumiwa na Mungu.

Mwaka ule tunaukumbuka. Mwezi Aprili, wakati wa korona, Waafrika wengi walitolewa kwenye nyumba na hoteli, wengine wakalala nje. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya malalamiko. Wengi walirudi makwao.

Lakini tuwasome manabii wenyewe. Amosi, mfugaji wa Tekoa, anawafananisha waliookoka Israeli na miguu miwili au kipande cha sikio ambavyo mchungaji huvinyakua kinywani mwa simba. Hapo hakuna ushindi wa kujivunia, kondoo ameshaliwa. Isaya naye alimpa mwanawe jina la Shear-yashubu, maana yake mabaki watarudi. Ni jina la faraja, lakini pia la kutisha, kwa kuwa watakaorudi ni wachache.

Kisa kinachotugusa zaidi ni cha mwaka 597 KK. Nebukadreza alipomchukua Mfalme Yekonia na wengine kwenda Babeli, waliobaki Yerusalemu walisema nchi sasa ni yao. Ezekieli, sura ya 11, anawapinga. Yeremia, sura ya 24, anaona vikapu viwili vya tini: nzuri ni wale waliochukuliwa, mbovu ni waliobaki. Basi kubaki peke yake si cheti cha uadilifu.

Familia zetu zilibaki kwa sababu za kawaida: viza ilikuwa haijaisha, au mwenye nyumba alikuwa na huruma. Jirani aliyeondoka hakutuzidi dhambi, kodi ilimshinda. Tukisema amehukumiwa, tunamtwisha mzigo wa pili.

Katika sura ya 5, Amosi anawataka watu wachukie uovu na kusimamisha haki langoni, labda Mungu atawahurumia mabaki ya Yusufu. Nabii mzima anasema labda! Sisi uhakika tumeutoa wapi? Tuliobaki tuna kazi: kuwapigia simu walioondoka, kuwasaidia wageni kupata nyumba, na kumpokea kwa furaha yeyote atakayerudi.