Utangulizi wa Diski ya Picha Uwe Swali

Miongoni mwa zana za kufundishia ambazo mwanachuo wa ualimu anaweza kujitengenezea leo kwa gharama ndogo ni diski ya picha. Mwalimu hupiga picha mnato ishirini au thelathini kwa simu yake ya mkononi, akazipanga katika kompyuta kwa kufuata hatua za somo, akazinakili katika diski ya DVD, kisha akazionyesha darasani kwa runinga na deki. Diski hiyo haihitaji mtandao. Huweza kubebwa mfukoni kutoka Kirumba hadi Ukerewe, na popote penye umeme na deki itafanya kazi. Ni zana njema, nami nawahimiza wanachuo waijaribu wakati wa mazoezi ya kufundisha.

Lakini kabla ya picha hizo watengenezaji wengi hupenda kutanguliza kipande kifupi cha picha jongefu, na hapo ndipo makosa huanzia. Kipande hicho hugeuzwa pambo: muziki wa kishindo, maandishi yanayozunguka, jina la mwalimu, na machweo ya jua nyuma ya majabali ya Mwanza. Maoni yangu ni kwamba kipande hicho ni hatua ya utangulizi katika andalio la somo, wala hakina kazi nyingine. Utangulizi ulio bora ni swali linalotoka katika maisha ya mtoto. Swali likiisha kuulizwa, picha hazina budi kunyamaza ili mwalimu na watoto waseme.

Nimejifunza jambo hili kwa kukosea. Nilitengeneza diski ya somo la kichocho kwa ajili ya darasa la tano katika shule moja iliyo kando ya ziwa. Picha zenyewe nilizipanga vizuri: konokono wa majini, choo, mchoro wa safari ya kimelea, mtoto akimeza dawa. Kwa utangulizi nikaenda mwaloni na kupiga picha jongefu ya dakika mbili ya akina mama wakifua nguo, bila kuwaomba ruhusa. Nikaweka muziki wa huzuni, na chini nikaandika kwa herufi nyekundu: "Ugonjwa huanzia hapa."

Sekunde chache baada ya kuanza, mtoto mmoja akapiga kelele, "Yule mama yake fulani!" Darasa zima likaangua kicheko. Mtoto aliyetajwa akainamisha kichwa juu ya dawati, asikiinue tena hadi kengele ilipolia. Picha zote ishirini na nne zilizofuata, nilizozihangaikia kwa wiki nzima, hazikumfikia. Naamini hazikuwafikia wenzake pia, maana waliokuwa wakicheka hawakuwa wakijifunza.

Nilipotafakari baadaye niligundua kosa la pili, nalo ni zito zaidi kwa mwalimu. Maandishi yangu yalikuwa ya uongo. Kichocho hakianzii kwa mama anayefua nguo. Huanzia pale kinyesi chenye mayai ya kimelea kinapoingia ziwani. Mayai huanguliwa majini. Vimelea huingia ndani ya konokono, hukaa humo majuma kadhaa vikiongezeka, kisha hutoka kwa maelfu na kupenya ngozi ya mtu aliyemo majini. Mama yule alikuwa katika hatari ya kuambukizwa kama mtu mwingine yeyote. Mimi nikamfanya mkosaji mbele ya mwanawe. Basi utangulizi wangu ulimwaibisha mtoto na papo hapo ukalifundisha darasa jambo lisilo kweli.

Mtoto wa ufukoni hawezi kuambiwa aliache ziwa. Baba yake huvua sangara au dagaa, na maji ya kupikia, ya kuoga na ya kufulia hutoka humo humo. Akioneshwa ziwa kama adui, atachagua kati ya mwalimu na maisha yake, na maisha yatashinda. Lakini akisaidiwa kuuliza maji yamepataje ugonjwa, ataona njia ambazo zimo katika uwezo wa watu: kutumia choo, kuyaacha maji ya kuoga yakae siku moja au mbili kabla ya kutumiwa, na kumeza dawa ya prazikwanteli inapogawiwa shuleni. Ataelewa pia kwa nini dawa hiyo hurudiwa, kwa sababu aliyepona huweza kuambukizwa tena arudipo majini.

Mara ya pili nilitengeneza utangulizi wa sekunde arobaini. Ndoo inachota maji ziwani. Maji yanamiminwa katika bilauri ya kioo iliyowekwa juu ya jiwe. Kamera inasogea karibu. Maji yanatulia, nayo ni maangavu. Hakuna muziki. Sauti inauliza, "Mnaona nini ndani ya bilauri hii?" Picha inasimama hapo.

Watoto wakajibu kwa pamoja, "Hamna kitu, mwalimu!" Nikanyamaza kidogo. Ndipo mmoja akasema, "Labda kimo, ila ni kidogo mno." Somo likawa limeanza, na walioanzisha ni watoto wenyewe. Picha ya kwanza ya mnato, yaani konokono juu ya jani la majini, ilikuja ikiwa jibu la jambo walilotaka kulijua.

Walimu wa siku hizi si wa kwanza kukutana na jambo hili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa nchini kote kwa redio, na kichocho kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyofundishwa. Waandaaji hawakuiachia redio kazi yote. Watu walikusanyika katika vikundi vyenye viongozi. Wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Chombo kilifungua mazungumzo, na kazi ikafanywa na watu. Diski ya picha darasani yapasa kutumika vivyo hivyo.

Wako watakaopinga kwamba watoto wa leo wamezoea mabanda ya video, na kwamba pasipo muziki na vishindo hawatatazama. Sikubaliani nao. Watoto hutazama kwa makini kitu wanachokijua kikioneshwa kwa namna inayowashangaza, na bilauri ya maji ya ziwani ni kitu cha namna hiyo. Wengine watauliza: kama utangulizi ni swali, kwa nini mwalimu asiliulize kwa mdomo wake? Hoja hii ina uzito. Jibu langu ni kwamba picha jongefu itumike pale tu mwendo wenyewe unapofundisha, kama vile maji yanavyotulia au konokono anavyotambaa. Pasipo haja ya mwendo, acha kipande hicho, uanze kwa mdomo na ubao. Utakuwa hukupoteza kitu.

Kwa wale watakaojaribu, yako mambo machache ya kuzingatia. Shika simu kwa ulalo ili picha ijaze kioo cha runinga. Piga picha asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma, maana upepo humeza sauti. Usiweke maandishi karibu na kingo, kwa kuwa runinga nyingi za zamani hukata pembeni. Panga diski ili utangulizi ukiisha isimame kwenye picha ya kwanza na kungoja mwalimu abonyeze kitufe. Picha zinazojipitia zenyewe hukimbia kuliko mawazo ya mtoto. Ukimaliza kunakili, hakikisha kompyuta imeifunga diski, la sivyo deki nyingine hazitaisoma. Ijaribu katika deki ya shule siku moja kabla ya somo.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Usimpige mtu picha bila ridhaa yake. Hata akikubali, jiulize kama mwanawe yumo darasani, na kama utangulizi huo utamwacha na heshima yake. Ndugu mwanachuo, kosa la sekunde chache linaweza kumfungia mtoto mmoja somo zima, na mtoto huyo huenda ndiye aliyelihitaji kuliko wote. Anza na swali ambalo kila mtoto, wa mvuvi na wa karani, anaweza kulijibu bila kuona haya.