Rangi barabarani haitoshi

Davis, mji wa chuo kikuu huko California, ulichora njia za baiskeli barabarani mwaka 1967, wa kwanza Marekani. Sensa ya 1980 ilikuta zaidi ya robo ya wafanyakazi wake wakienda kazini kwa baiskeli. Ya 2000 ikakuta takriban asilimia 14 tu. Njia hazikufutwa. Nyumba zilipanda bei, na wakazi wengi sasa hufanya kazi Sacramento, mbali mno kwa pedali. Wanafunzi nao huonyesha kitambulisho wakapanda basi, kwani nauli imo kwenye ada. Basi hatulilaumu. Ili wengi warudi kwenye baiskeli, chuo kijenge mabweni karibu na madarasa, hata kama majirani watanuna, na watanuna kweli.