Fundi wa Umeme na Awe na Kibali

Ndugu zangu wa Ludara, nanyi wa Koboko mjini, wa Arua na wa mkoa wote wa West Nile hapa Uganda, nina neno la kuwausia. Umeme unaingia majumbani mwetu, na kila unapoingia huhitaji mikono ya kuutia na kuutengeneza. Mikono hiyo iwe ya fundi mwenye kibali. Anayetaka kuongeza soketi sebuleni, kubadili waya mkuukuu, kuunganisha mashine ya kusaga au kutengeneza swichi inayotoa cheche, na amtafute fundi ambaye sheria inamjua kwa jina. Mengine yote nitakayosema hapa ni sababu za neno hilo.

Tumeungoja umeme kwa muda mrefu. Miaka mingi West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta za mafuta. Mwaka 2003 kampuni ya WENRECo ilipewa kazi ya kusambaza umeme katika mkoa wetu. Mwaka 2012 kituo cha nguvu za maji cha Nyagak, karibu na Paidha, kikaanza kutoa megawati 3.5. Na sasa laini kubwa ya kilovolti 132 inayopitia Gulu na Nebbi imefika Arua. Lakini kabla nguzo hazijasogea vijijini, wengi wetu tulikuwa tumekwisha kujifunza umeme wa namna nyingine, nao ni wa sola. Paneli juu ya bati, betri ya volti 12 chini ya kitanda, taa tatu na chaja ya simu. Kijana wa nyumbani alizifunga nyaya hizo mwenyewe, akazishika kwa vidole vitupu, wala hakusikia kitu.

Humo ndimo ujasiri wetu ulimozaliwa, na humo ndimo hatari ilimo. Umeme wa nguzo una volti 240, mara 20 ya ule wa betri. Mkono uliozoea volti 12 hauna hofu, na volti 240 hazimpi mtu nafasi ya kujifunza kwa kukosea. Wala asiseme mtu, "Mimi sina nguzo, nina sola tu, hayanihusu." Akishanunua inveta ya kuendesha televisheni au friji, inveta hiyo inazigeuza volti 12 kuwa 240. Mauti yanayopita kwenye nguzo yamo pia ndani ya kisanduku hicho.

Tuyapime mambo haya kwa hesabu. Balbu ya zamani ya wati 60 hula umeme wa miliampea 250. Mwili wa mwanadamu hauwezi kustahimili hata nusu ya huo. Zikipita mkononi miliampea 10 hadi 20, misuli hukaza, na aliyeshika waya hawezi tena kuuachia hata akitaka. Zikipita kifuani miliampea 100 hivi, moyo huweza kuacha kupiga sawasawa, na mtu akafa kabla jirani hajafungua mlango. Kwa hiyo umeme unaowasha taa moja tu unatosha kuua. Ndiyo sababu nyumba iliyotiwa umeme vizuri huwekewa swichi ya usalama inayokata umeme mara tu unapovuja kiasi cha miliampea 30, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Uliza nyumba ngapi katika kijiji chako zina kifaa hicho. Fundi asiyesomea kazi hakiweki, maana hakijui, au anaona ni gharama ya bure kwa kuwa taa zinawaka bila hicho.

Hapo ndipo tunapodanganyika. Tunaipima kazi ya umeme kwa kuwaka kwa taa. Taa ikiwaka tunasema fundi anajua, tunamlipa, tunamsifu kwa majirani. Lakini taa huwaka hata kama waya wa ardhi haukufungwa popote. Huwaka hata kama waya ni mwembamba kuliko inavyotakiwa, au kama viungo vimesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa karatasi ya nailoni. Ubaya wa kazi ya umeme hukaa ndani ya ukuta na juu ya dari, kimya, mwaka mmoja au mitano, na siku unapojitokeza hujitokeza kwa moto au kwa maiti.

Tazama moto unavyoanza. Mtu ana ekstensheni yenye waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, ambao kipimo chake ni ampea 6. Asubuhi anachomeka birika la wati 2000 na pasi ya wati 1000 kwa pamoja. Gawanya wati 3000 kwa volti 240, utapata ampea 12.5. Waya umebebeshwa zaidi ya mara mbili ya kipimo chake, na joto la waya haliongezeki sawa na mzigo: mzigo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Plastiki inalainika, inapasuka, nyaya mbili zinagusana. Fyuzi ilipaswa kukatika zamani, lakini ilipokatika mwezi uliopita mtu aliweka msumari mahali pake. Juu yake kuna paa la nyasi, na huu ni Januari, nyasi zimekauka na upepo unavuma. Haihitaji mchawi kuchoma nyumba hiyo.

Tazama na bati. Nyumba zetu nyingi za sasa zimeezekwa kwa mabati, na nyaya hupitishwa juu ya mbao za paa. Ganda la waya likichubuka na shaba ikagusa bati, paa zima huwa na umeme. Kisha kuna waya wa kuanikia nguo, uliofungwa upande mmoja kwenye mti na upande wa pili kwenye paa hilohilo. Mama anatoka na beseni la nguo mbichi, miguu mitupu juu ya udongo uliolowa, anaushika waya ule. Yeye hakumwita fundi, hakuchagua waya, hakujua lolote la mita wala swichi. Mwanawe akikimbia kumvuta naye ananaswa. Waya wa ardhi uliofungwa vizuri kwenye paa hilo, ukienda hadi nondo ya shaba iliyozikwa chini, pamoja na ile swichi ya usalama, ungekata umeme kabla mama hajatoka nje.

Ninalisema hili ili tuone dhambi iliyomo katika kazi ya kubahatisha. Mwenye nyumba ndiye anayeokoa shilingi chache, lakini anayelipa ni mtoto, mke, mpangaji, mgeni. Nyumba ni amana. Mtu ana haki ya kuhatarisha mali yake akitaka, lakini hana haki ya kuhatarisha roho za waliolala chini ya paa lake wakimwamini.

Serikali ya Uganda haikuliacha jambo hili hewani. Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, tunayoiita ERA, na kazi ya kutia umeme ikawekwa mikononi mwa wenye vibali vya mamlaka hiyo. Vibali hivyo vina madaraja. Aliyeruhusiwa kutia umeme katika nyumba ndogo hajaruhusiwa kufunga mitambo ya kiwanda, na kila kibali kina muda wake, kikiisha huhuishwa. Kazi ikikamilika, fundi hutia sahihi cheti cha kukamilisha kazi, na cheti hicho hutakiwa kabla ya nyumba kuunganishwa. Jirani zetu wana utaratibu wa namna hiyohiyo: Tanzania mafundi hupewa leseni na EWURA, na huko Kenya hupewa na EPRA. Watanzania wanawaita vishoka wale wanaofanya kazi ya umeme bila leseni, na kuwakimbia vishoka ni wosia unaorudiwa huko kila mara.

Faida kubwa ya kibali ni hii: kinamfanya mtu awe wa kujibu. Kijana asiye na kibali akiharibu, atapanda bodaboda kwenda Oraba mpakani, na kesho atakuwa ng'ambo ya mpaka, huna wa kumdai. Mwenye kibali ana namba, jina lake limeandikwa, na akifanya uzembe ana kitu cha kupoteza. Hatupandi basi la Arua kwenda Kampala likiendeshwa na mtu asiye na leseni kwa sababu tu anasema anajua usukani. Basi safari ya usiku mmoja tuipe uangalifu, na nyumba tutakayolala miaka thelathini tuibahatishe?

Najua majibu yatakayokuja. Wa kwanza atasema fundi mwenye kibali ni ghali. Ni kweli anatoza zaidi. Lakini weka upande wa pili friji iliyoungua, waya ulionunuliwa mara mbili, fundi wa pili aliyeitwa kubomoa kazi ya wa kwanza, na nauli ya kumpeleka majeruhi Hospitali ya Rufaa ya Arua. Rahisi ni ghali, wahenga walikwisha kusema. Na kwa mwenye nyumba ya chumba kimoja au viwili ipo njia ya nafuu iliyo halali: ubao uliotayarishwa kiwandani wenye swichi, soketi na breka zake, ambao hautaki nyumba nzima kupitishiwa nyaya. Lakini hata ubao huo na ufungwe na mwenye ujuzi.

Wa pili atasema, "Fundi wangu hana karatasi, lakini amefanya kazi hii miaka kumi." Kama anajua kazi kweli, basi na apewe mtihani, aupite, achukue kibali. Ujuzi wa kweli hauogopi kupimwa. Na kama ameifanya kazi vibaya miaka kumi, ana makosa ya miaka kumi yaliyotawanyika katika kuta za watu.

Wa tatu atasema huku Ludara mafundi hao hawapatikani. Hoja hii ina uzito, na dawa yake ni ushirikiano. Nyumba tano au sita za mtaa mmoja zikikubaliana siku, zinaweza kumleta fundi kutoka Koboko au Arua na kugawana nauli yake. Viongozi wa gombolola na wenyeviti wa vijiji (LC1) wangefanya jema kubandika ofisini majina ya mafundi wenye vibali halali wanaofanya kazi wilayani, ili mwananchi asiulize njiani.

Basi tufanyeje tunapomwita? Kwanza, aonyeshe kibali, nawe usome jina, daraja na tarehe ya mwisho. Pili, aandike vifaa vinavyohitajika kabla hujanunua. Kwa kawaida nyaya za taa huwa za milimita za mraba 1.5, na za soketi 2.5, jiko la umeme hutaka nene zaidi. Kagua kama vifaa vina alama ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, maana sokoni kuna nyaya zilizoandikwa 2.5 na shaba yake haifiki hapo. Tatu, kazi ikiisha asiondoke kabla ya kupima mbele yako: waya wa ardhi, swichi ya usalama, na kila soketi. Nne, kila breka iandikwe inahusu chumba gani. Tano, chukua cheti chenye sahihi yake, ukihifadhi pamoja na hati za kiwanja. Na akitokea mwenye kibali anayekuuzia sahihi kwa kazi ambayo hakuiona, mkatae, maana huyo anakuuzia karatasi, na karatasi haizuii umeme.

Yapo machache ambayo mwenye nyumba anaweza kuyafanya mwenyewe: kubadili balbu baada ya kuzima, kuchomoa kifaa kilichoharibika, kurudisha breka iliyoanguka mara moja. Ikianguka tena, usiilazimishe. Inakwambia kuna ubaya mahali. Kuvuta waya juu ya miti kwenda kwa jirani, kuikwepa mita, au kuweka msumari kwenye fyuzi, hayo usiyaguse kabisa. Kuikwepa mita ni wizi, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yameuongezea adhabu. Na mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Usipoweza kuifikia, sukuma waya kwa mti mkavu ukiwa umesimama mahali pakavu, kisha mkimbize kituo cha afya.

Kwenu vijana mnaopenda kazi hii: msiyachukie maneno yangu. Mkoa wetu unawahitaji. Nendeni vyuoni, kama kile cha Ragem pale Arua, mjifunze, kisha mfanye kazi chini ya fundi mwenye kibali mpaka mpate chenu. Nguzo zinapozidi kuja, kazi haitakwisha, na fundi mwenye jina safi hatalala njaa. Nanyi mafundi mlio na vibali, msiwafungie vijana mlango. Wachukueni, wafundisheni, wasimamieni.

Na kwenu wenye nyumba, neno la mwisho ni lenu, kwa sababu fedha ni zenu. Kishoka huishi kwa sababu tunamlipa. Siku tukiacha kumlipa, atakwenda kusoma au atakwenda kulima, na zote mbili ni kazi za heshima. Atakapobisha hodi kesho na koleo lake mkononi, mkaribishe, mpe maji ya kunywa, kisha muulize kibali. Akiwa nacho, mpe kazi. Akiwa hana, muage kwa wema, na usimruhusu kugusa waya hata mmoja wa nyumba yako.