Thika Si 512

Msimbo wa posta wa Thika ni 01000, wa Ruiru 00232. Uandike katika faili la mipangilio la mtindo wa zamani wa INI, na Python itausoma kama maandishi, kila sifuri mahali pake. Uhamishie katika YAML bila alama za kunukuu, uusome kwa PyYAML, na Thika inageuka 512, Ruiru 154. Hutaona onyo lolote. Maktaba hiyo hufuata YAML 1.1, ambayo ikikuta sifuri mwanzoni huhesabu kwa msingi wa nane. YAML 1.2, ya mwaka 2009, ingekupa 1000 na 232. TOML hukataa kuzisoma namba hizo, na kwa hili ndiyo ninayoiamini zaidi.

Toleo hili la jarida letu tumelitenga kwa ajili ya programu za mstari wa amri zinazolazimika kusoma mipangilio ya zamani na mipya kwa pamoja. Vijana wengi wanaoziandika kati ya Ruiru, Juja na Thika huichukua kazi ya kuhamisha mipangilio kuwa ni ya kubadilisha sura ya faili: mabano yakishakaa sawa, la zamani linafutwa. Sikubaliani nao. Kinachohamishwa ni maana ya kila thamani, na programu iithibitishe maana hiyo kabla ya kufuta chochote. Duka la vifaa vya ujenzi lenye tawi Thika na Ruiru laweza kuchapa ankara zenye anwani mbovu mwezi mzima, na mwenye duka asijue mpaka mteja alalamike.

Basi mafaili yote mawili yasomwe, na thamani zilinganishwe moja moja pamoja na aina zake, maandishi kwa maandishi, namba kwa namba. Zikigongana, programu isimame na kumwonyesha mtumiaji zote mbili. Git inatufaa kwa mfano. Tangu 2012 husoma ~/.config/git/config pamoja na ~/.gitconfig ya siku zote. Zikipingana, hii ya pili ndiyo inayoshinda, na kanuni hiyo imeandikwa wazi. Tangu 2016, ukiongeza --show-origin, unaambiwa kila thamani imetoka faili gani. APT nayo, kwa amri ya modernize-sources, huomba ruhusa kwanza, kisha hulihifadhi faili la zamani kwa kuliongezea .bak.

Kuhusu lini mtindo wa zamani uachwe kabisa, waandishi wetu wanatofautiana. Mimi niko na wanaotaka onyo litangulie kwa toleo zima la programu, likitaja jina la faili na amri ya kulihamisha. Karani wa Ruiru aliyeachiwa programu na kijana aliyekwisha kwenda kazi nyingine hana mtu mwingine wa kumuuliza.