Hakuna meno ya plastiki

Mtoto wa miezi mitano anaharisha, mwili unachemka, kutwa ni kilio. Bibi anamfunua mdomo, anapitisha kidole kwenye fizi, anakuta kivimbe cheupe pale jino la chonge litakapotokea. Hukumu inatoka hapo hapo: meno ya plastiki. Kabla jua halijazama mtoto yuko kwa mganga, na mganga ana spoku ya baiskeli.

Tuseme wazi: ugonjwa huo haupo. Kivimbe kile ni jino la utotoni linalojiandaa ndani ya fizi, na lilikuwepo tangu mtoto hajaugua. Kinachochimbuliwa ni jino changa, laini, jeupe, lenye utelezi. Likiwekwa kiganjani mwa mama kweli linafanana na plastiki, na mama anaamini alichokiona. Kuhara kwenyewe mara nyingi huisha baada ya siku chache, kwa hiyo mtoto akipona sifa ni za mganga. Akifa, familia inaambiwa ilichelewa.

Na wanaokufa wapo, kwa kuvuja damu, kwa pepopunda, kwa vijidudu vilivyoingia kwenye damu. Spoku isiyochemshwa inaweza kumhamishia mtoto mwingine virusi vya UKIMWI. Aliyenusurika anabaki na pengo, na wakati mwingine hata chonge la ukubwani, linalosubiriwa akiwa na miaka 10 au 12, linatoka na kilema au halitoki kabisa.

Kinachopotosha watu ni kalenda. Meno ya kwanza, mawili ya mbele chini, hutokea karibu na mwezi wa 6. Umri huo huo mtoto anaanza uji, kila anachookota anatia mdomoni, na kinga aliyotoka nayo kwa mama imepungua. Kuhara kunatoka huko. Kuota meno kunaleta udenda, fizi kuwasha na usiku wa kusumbua. Homa kali hakuleti. Anayeharisha anyonye zaidi, apewe ORS na vidonge vya zinki. Akilegea, akichemka sana au akitoa damu chooni, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mahali pa kuyasema haya tunapajua: chanjo ya wiki ya 14. Baada ya hapo kina mama wengi hulegeza mahudhurio hadi chanjo ya surua, mwezi wa 9, na katikati ndipo spoku inapoingia. Muuguzi atumie dakika mbili kumwonyesha mama fizi ya mwanawe na kumwambia ni jino gani linakuja. Bora zaidi bibi naye aitwe, maana nyumbani uamuzi ni wake na mama mkwe hashindwi kwa kipeperushi.

Siku hiyo hiyo mama aambiwe na la mswaki. Jino la kwanza likitokeza tu lisuguliwe asubuhi na kabla ya kulala, kwa mswaki mdogo laini na dawa yenye floridi kiasi cha punje ya mchele. Wa vijiji vya Arusha ambako maji yana floridi nyingi hadi meno yanakuwa kahawia, wamuulize kwanza daktari wa meno. Chupa ya chai ya maziwa yenye sukari isiwe ya kumlazia mtoto, hata kama ndiyo inayomnyamazisha haraka.

Kwa waganga, Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na baraza la kuisimamia. Aliyesajiliwa akachimbua fizi ya mtoto, afutwe. Asiyesajiliwa ni kazi ya polisi, na mwenyekiti wa kijiji hashindwi kujua anaishi wapi.