Bampa ling'ae kwa rangi, kromu tuiachie jeki

Nimefungua jeki za tipa na makatapila kwa miaka 26, na mteja akishusha mzigo wake, jambo la kwanza ninalofanya ni kupitisha ukucha juu ya rodi. Jicho haliaminiki hapo. Rodi inaweza kumeta hadi ukayaona meno yako, kumbe ina kishimo kama tundu la sindano, na kishimo hicho huchana sili kila rodi inapoingia na kutoka, mpaka mafuta yavuje na tipa ishindwe kuinua mchanga. Ukucha ukikwama, namwambia mwenye gari asinunue sili kwanza. Rodi ivuliwe kromu ya zamani, isagwe, ichovywe upya, kisha irudi kwenye jiwe ipate kipimo chake.

Hiyo ni kromu ngumu, nami ninaiheshimu. Hukaa juu ya chuma chenyewe, mikroni 20 hadi 30 kwenye rodi mpya, na hata kupita 100 pale tunapofidia chuma kilicholika. Ukiipitishia tupa, tupa inateleza tu. Kromu hiyo iko kwenye pete za pistoni na kwenye shokapu za mbele za pikipiki. Bodaboda anayeruka matuta kutwa nzima na abiria mgongoni anaitegemea, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Ipo kromu nyingine, ya bampa, ya bomba la bafuni, ya miguu ya meza. Hii ni nyembamba mno: mara nyingi robo hadi nusu ya mikroni, wakati unywele wa kichwani una mikroni 70 hivi. Kinachozuia kutu hapo hasa ni nikeli iliyotangulia chini yake. Kromu inaikinga nikeli isififie na kuipa ule weupe wenye ubuluu kwa mbali. Fundi akibana gharama kwenye nikeli, hewa ya chumvi ya Dar es Salaam hupenya kwenye nyufa zisizoonekana, na masika moja ikipita, vidoa vya kutu vimeshaota.

Kwa kawaida kromu zote mbili hutoka kwenye pipa la namna moja, na pipa hilo limemla mtu ninayemfahamu.

Nilianzia kazi katika karakana ya kuchovya kromu. Tulikuwa tunayeyusha trioksidi ya kromu, vipande vyekundu vilivyokoza, gramu 250 kwa kila lita ya maji, tukatia asidi ya salfa kidogo, tukapasha moto hadi nyuzi 50 na ushee. Pembeni zilining'inia bamba za risasi. Swichi ikiwashwa, pipa lilitokota kama uji jikoni, ingawa halikuwa likichemka. Katika kazi hii, zaidi ya asilimia 80 ya umeme hauweki kromu yoyote, unapasua maji yawe gesi. Mapovu yanapanda, yanapasukia juu, na kila moja linarusha chembe za asidi hewani. Jioni kuta zilikuwa na rangi ya manjano, na leso zetu pia.

Aliyenifundisha kazi nilimwita kaka kwa sababu alinizidi umri. Alikuwa akifunga kitambaa puani, basi. Mikononi alikuwa na vidonda vya duara, vidogo lakini vimechimba ndani, visivyopona. Siku moja nikasikia pua yake ikipiga mluzi kila anapovuta pumzi. Hospitali wakamwambia ukuta wa katikati ya pua umetoboka. Haukuwa ukimuuma, ndiyo maana hakwenda mapema. Alipewa mapumziko ya wiki mbili, na aliporudi alikuta mtu mwingine amesimama kwenye pipa lake. Nilikuwepo, sikusema neno, na jambo hilo bado linaniuma.

Kromu iliyomo kwenye pipa hilo wanakemia huiita kromu sita, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Inashambulia mapafu. Bomba lako la bafuni halikudhuru, maana kromu ikishakuwa metali imetulia. Anayeumia ni yule aliyeinama juu ya pipa ili wewe upate bomba.

Ulaya, tangu Septemba 2017, hairuhusu kuitumia trioksidi hiyo kuchovyea bila kibali. Mwaka 2023 jimbo la California liliamua kazi za urembo ziachane nayo kuanzia 2027, wengine wakiongezewa muda kwa masharti, na kazi za mitambo zikapewa hadi 2039. Mgawanyo huo naukubali kwa moyo wote, na nataka tuufuate. Kijana aliyejinyima miezi mingi akanunua pikipiki ana haki ya kuipenda iking'aa, sina ugomvi naye. Lakini bampa linaweza kupigwa rangi nzuri, bomba linaweza kuwa la stenlesi, na anayetaka kromu hasa ipo ya kuchovya kwa aina nyingine ambayo wanakemia huiita kromu tatu, na hatari yake ni ndogo sana. Rodi ya jeki haina njia rahisi namna hiyo, si kwa mashine tulizonazo mitaani.

Basi kromu ngumu ibaki, lakini isitoboe watu. Pipa liwe na kifyonza hewa ukingoni na vigololi vya plastiki vya kuelea juu yake vizuie chembe. Maji ya suuza yasimwagwe mtaroni yakiwa ya manjano: yakiwa na asidi ukiyatia metabisalfaiti ya sodiamu yanageuka kijani mbele ya macho yako, ukiongeza chokaa tope linatuama. Nimefanya hivyo kwenye ndoo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003, na wakaguzi wapo. Ninachowaomba ni kwamba wakifika kwenye karakana ya kromu, kabla ya kuuliza leseni, wamulike tochi puani mwa yule kijana wa pipani, na baada ya miezi sita warudi wammulike tena.